Barakoa iliyokuwa msumarini: nilichosema kwenye msiba wa Mzee, na nilichonyamazia

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo.

Mie ni msomaji wa siku nyingi humu. Naandika mara chache, na nikiandika mara nyingi huwa nabishana na mtu. Leo sibishani. Nitakayoeleza yametokea nyumbani kwetu Tegeta, sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea nimejitaja. Jina la mdogo wangu tu nimebadilisha.

Nimeona ule mjadala wa barakoa umefufuka tena humu. Huku wanasema zinanyima mtu hewa na kuharibu mapafu, kule wanasema ni kinga. Kurasa kwa kurasa, na kejeli juu yake. Nimesoma zote. Nimejikuta mle ndani, yule mie wa kipindi kile cha korona, maneno yaleyale na jeuri ileile. Nikaona bora niandike.

Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma mniwie radhi. Na wale wa "leta picha", sina picha.

Kwanza muijue familia.

Sisi ni Waarabu wa pwani, wale ambao Kiarabu chetu kinaishia kwenye sala. Babu alikuwa na duka, Mzee akaendeleza duka, na mie nipo dukani mpaka hivi ninavyoandika. Nyumba iko nyuma ya duka. Tumezaliwa wawili, mie na mdogo wangu wa kike, tumwite Nasra. Nasra ni fundi cherehani, kaolewa Boko, na kila baada ya siku mbili tatu alikuwa anakuja kuwaona wazee.

Mzee alikuwa na pumu. Si ile ya kulazwa kila mwezi, ni ile ya kutembea na dawa ya kupuliza mfukoni mwa kanzu. Kila mwezi alikuwa na siku yake ya kliniki.

Ugonjwa ulipoanza kusemwa, Nasra alikuwa wa kwanza kwetu kuushughulikia. Akakaa na cherehani yake, akatushonea barakoa za kitambaa, mbili mbili kila mtu. Zangu za kitenge, za Mama za maua. Za Mzee akazishona kwa kitambaa cha buluu kilichoiva, kisicho na ua hata moja, maana alijua atakataa.

Na kweli Mzee alikataa, ila si kwa sababu mnazozijua.

Kwetu barakoa ni neno la zamani. Ni kile kitambaa kigumu walichokuwa wakivaa bibi zetu usoni, kinaziba pua na paji la uso, yanabaki macho. Bibi yetu mzaa Baba alikivaa mpaka uzeeni kwake. Kwa hiyo redioni waliposema wananchi wavae barakoa, Mzee alicheka mpaka akatafuta dawa yake ya kupuliza.

"Barakoa kavaa mama yangu," alisema. "Na mie nivae? Mshaniposea mume?"

Nasra akamjibu kwa upole, "Basi Baba iite kitambaa. Mie nachotaka uvae tu ukienda kliniki, kule kuna wagonjwa."

Alimbembeleza wiki nzima. Mwisho Mzee akakubali, kwa sharti kwamba hataivaa dukani wala msikitini, kliniki tu.

Sasa mje kwangu.

Mie nilikuwa mpinzani mkubwa wa barakoa hapa Tegeta. Pale kijiweni kwenye kahawa nilikuwa nasimama kabisa. Nilikuwa admini wa grupu la ukoo, na kila kilichonijia nilikirusha mle: sauti za watu wanaojiita madaktari, video za mtu kavaa barakoa anapima sijui kitu gani kwa kijimashine. Kwamba unavuta hewa chafu uliyoitoa mwenyewe. Kwamba mwenye pumu akivaa ndiyo anajimaliza. Sikuwahi kukichunguza hata kimoja. Nilikuwa napenda tu kuwa ninayejua.

Nasra alinijibu mara moja tu kwenye grupu. Aliandika, "Kaka, nakuomba usimtishe Baba." Nikamtumia video nyingine.

Lakini wakuu, pamoja na ubishi wangu wote, barakoa nilikuwa navaa. Mnajua kwa nini. Geti.

Ilikuwa huwezi kuingia ofisi wala hospitali bila barakoa, mlinzi anakurudisha. Na nyie mnajua tulivyokuwa tunafanya. Unasimama nje, anatoka mtu ambaye humjui, unamwambia, "Braza, niazime hiyo mara moja." Anaivua, unaivaa, unaingia. Ukitoka unampa anayesubiri. Nimeona kwa macho yangu barakoa moja inaingiza watu sita. Mlinzi anaona, anacheka, kazi yake ni kuangalia kama uso umefunikwa.

Kwetu tulikuwa na geti letu la nyumbani. Nyuma ya mlango wa duka kuna msumari. Zile barakoa zetu zilishapotea. Moja ya kwangu nilimpa jirani, nyingine sijui ilipo, za Mama ziliishia jikoni kushikia sufuria, na moja ya Mzee ilidondoka akiwa kliniki. Ikabaki moja, ile ya buluu. Ikawa inatundikwa pale msumarini, na anayetaka kwenda mahali penye mlinzi anaichukua, akirudi anaitundika. Mie, Mama, na hata majirani. "Naomba barakoa yenu nifike benki." Chukua. Kama mwavuli vile.

Nasra alikuwa anaifua kila akija. Alitusema sana. Alisema, "Ile ni ya Baba, jamani, nitawashonea zingine." Tukawa tunamuitikia ndiyo.

Siku moja nilikwenda ofisi fulani kufuatilia leseni ya duka. Nilikuwa na mafua na kikohozi, siku ya pili au ya tatu ile, mwili unauma. Nikachukua ya msumarini. Nilikaa kwenye foleni tangu saa tatu mpaka saa nane, nakohoa humohumo ndani ya kitambaa, maana nikiivua mlinzi ananitazama. Niliporudi jioni ilikuwa imelowa. Nikaitundika.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya Mzee.

Asubuhi Nasra alipiga simu, mie nipo dukani nasikia upande wa Mzee. Wanaongea, Mzee anatania, anacheka. Akamaliza akaniambia, "Mdogo wako kasema nisitoke bila barakoa. Nipe hiyo."

Nikanyoosha mkono, nikaitoa msumarini, nikampa. Kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Haya Mzee, kavute hewa yako chafu." Akacheka. Akaivaa palepale akaenda.

Wakuu, mtaniuliza sikufikiri? Sikufikiri. Kwangu ile haikuwa kinga, ilikuwa tiketi ya kupitia getini. Tiketi haina kikohozi cha mtu.

Siku ya nne Mzee akaanza kukohoa. Ya sita dawa ya kupuliza ikawa haimsaidii. Tukampeleka hospitali, akakaa siku mbili kwenye mtungi wa oksijeni, akatutoka adhuhuri mimi nikiwa nimeenda kumnunulia maji. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Karatasi iliandikwa changamoto ya upumuaji. Kipindi kile wengi waliandikiwa hivyo.

Narudi wakuu, nilikuwa nahudumia wateja. Kuna mkuu hapo chini ameuliza kama Mzee alipimwa, na najuaje ni mimi, huenda aliupata kliniki. Mkuu, hatukuambiwa alipimwa nini. Na huenda aliupata kliniki kweli, au kwa jirani aliyetangulia kuivaa. Mama naye alikohoa, mke wangu pia. Sijui, na sitakaa nijue. Nimejificha kwenye hilo "sijui" miaka yote hii, kwa hiyo nalifahamu vizuri. Niacheni niendelee.

Siku ya tatu ya msiba tulisoma hitma nyumbani. Baada ya chakula nikaingia uani kuwasalimia wanawake. Mama alikuwa amekaa, ameshaingia eda. Nasra kakaa miguuni pake. Shangazi zetu watatu wapo, na majirani.

Shangazi mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, ndugu yangu mbona alikuwa mzima? Kimempata nini?"

Nikasema, "Barakoa, Shangazi. Mtu ana pumu anafungwa pua na mdomo mchana kutwa. Mie nilisema kwenye grupu mpaka nikachoka. Lakini kuna watu wao walijua zaidi. Mpaka asubuhi ile alipigiwa simu, asitoke bila barakoa."

Sikutaja jina. Hapakuwa na haja, kila mtu alijua nani kazishona na nani alipiga simu.

Nilikuwa na hasira, nilikuwa na uchungu, na ndani kabisa kulikuwa na kitu kinanigonga ambacho sikutaka kukitazama. Ile barakoa imelowa, naitundika. Nilisema haraka ili nisikitazame. Hiyo ndiyo kweli yake.

Nasra hakusema neno. Aliinamisha kichwa tu. Nikachukulia kwamba kimya chake ni kukiri. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akavuta mguu wake pale Nasra alipokuwa ameuegemea.

Kuanzia siku ile Mama alibadilika. Eda nzima, miezi minne na siku kumi, Nasra alikuwa anakuja kutoka Boko kumpikia na kumfulia. Mama anakula, ila chai akiileta Nasra inapoa mezani. Akiileta mke wangu anakunywa. Hakumfukuza, hakumtukana. Aliacha tu kumwita mwanangu, akawa anamwita kwa jina lake.

Shangazi nao wakaeneza. Ukoo mzima ukajua kwamba Nasra kamfungia baba yake pumzi kwa kujifanya anajua. Kuna harusi mbili za kwetu hakualikwa.

Na mie nilikuwa napita humo humo katikati, naona, nanyamaza.

Sasa nije kwenye siku niliyovuliwa nguo.

Ilikuwa kama mwaka baadaye. Nilimpeleka mwanangu zahanati, kikohozi hakiishi. Nesi mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anatoa somo kwa wagonjwa kwenye benchi. Akasema wenye kikohozi wavae barakoa. Mie na ubishi wangu nikamuuliza mbele za watu, "Shikamoo mama. Lakini si zinasemwa zinamnyima mtu hewa?"

Akaitikia marahaba, akanitazama. Akasema, "Mwanangu, mie naivaa kutwa, nabeba wagonjwa nayo, na nipo mbele yako. Hewa inapita. Mwenye pumu anaweza kusikia joto na dhiki, akae pembeni avute pumzi, aivae tena, au amuulize daktari wake. Hilo si la kugombania. Kinachonishinda kwa nyie watu ni kuazimana. Hivi mswaki wako unamuazima mtu?"

Watu wakacheka.

"Sasa kitambaa ulichokikohoa ukampa mwenzako avutie pumzi humo, hicho si zaidi ya mswaki?"

Wakacheka tena. Nilikaa pale na mtoto mapajani, na kile kitu nilichokuwa sikitazami kikawa kimekaa mbele yangu.

Miaka yote tunabishana kama barakoa inadhuru au haidhuru. Nyumbani kwetu ilidhuru, kwa jinsi tulivyoivaa. Na aliyesema tusiivae vile ni mmoja tu, na huyo ndiye niliyempa kesi.

Mtasema, si ungeenda siku ileile kwa Mama. Nilitaka. Nilifika mpaka mlangoni kwake mara tatu. Nikajiambia Mama ana presha, nitamuua. Nikajiambia nitasubiri Ramadhani, mioyo ikiwa laini. Ramadhani ikaja ikaisha, ikaja nyingine. Mwoga hakosi sababu, wakuu.

Mwaka jana Mama akaugua, kiharusi, upande mmoja ukalala. Nasra akahamia kwetu. Alimuogesha, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko, miezi mitatu. Kuna mchana mmoja Mama akaniita peke yangu. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida.

Alisema, "Mwambie Nasra nimemsamehe. Kwa Baba yako."

Wakuu, hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilitakiwa kusema sentensi moja, "Mama, ni mimi." Nikasema, "Nitamwambia."

Nikatoka uani, Nasra anaanika mashuka ya Mama. Nikamwambia, "Mama anasema amekusamehe."

Akabana shuka kwenye kamba, akasema, "Alhamdulillah. Mwambie nimepokea." Akaendelea kuanika.

Mama alifariki wiki ile ile.

Hitma ya arubaini ilipopita sikuweza tena. Nilimfuata Nasra kwake Boko, mchana, yupo kwenye cherehani. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikamwambia yote. Foleni, kikohozi, kitambaa kilivyolowa, msumari, mkono wangu. Nililia mbele yake kama mtoto. Nikamwambia, "Umebeba mzigo wangu na mie nakuangalia."

Alizima cherehani. Akaniambia maneno ambayo nitayaandika kama alivyoyasema.

"Kaka, mie nilikuona. Siku ile nilikuja jioni kuwaletea mchuzi. Nilikuona unaitundika, unakohoa. Nikasema nitaichukua nikaifue, ikaadhiniwa magharibi, nikakimbilia kwangu, nikaisahau. Asubuhi ikanijia. Ndiyo nikapiga simu. Nilipiga nimwambie Baba asivae ile, asubiri namletea mpya, nimeshaishona. Nikaanza na usitoke bila barakoa. Baba akanitania. Tukacheka. Ananichekesha vile hata nikasahau nililompigia. Nimekata simu, nimeanza kushona nguo ya mtu. Nakuja kukumbuka, kashaondoka."

Akakata uzi kwa meno, akaendelea.

"Kwa hiyo uliposema pale uani kwamba ni mie, nilijua ni kweli. Ningebisha kwa mdomo gani? Mama aliposema kanisamehe, ndiyo siku ya kwanza nimelala. Sasa wewe unakuja kuniambia si mie peke yangu. Ungeniambia tukiwa tumekaa miguuni pa Mama, tungelia wote watatu. Leo nalia na nani?"

Akawasha cherehani akaendelea kushona, mie nimekaa hapo. Hakunifukuza. Mpaka alasiri.

Nimeshawaambia shangazi, mmoja mmoja, nyumbani kwao, sio kwenye grupu. Mkubwa alinisikiliza akasema, "Sasa tufanyeje, wenyewe wameshazikwa." Nasra anapokea simu zangu. Anajibu salamu, anauliza watoto, anakata. Simlaumu.

Funzo? Mnapenda funzo humu. La barakoa ni dogo na nesi alishalisema: yako ni yako, ukikohoa usimpe mtu, ikilowa ivue uifue. Bishaneni mengine, hilo msilibishie.

Lingine ni hili. Kama kuna mtu anabeba lawama yako leo, na aliyemlaumu bado anapumua, ondoka hapo ulipo uende. Usingoje mioyo ilainike. Mimi nilidhani nasubiri wakati mzuri wa kumwambia Mama. Kumbe nilikuwa nasubiri afe.

Niko hapa, nasoma kila mtakachoandika. Mwenye kunilaumu anilaumu, nimestahili. Ila ningependa zaidi kumsikia aliyewahi kuwa upande wa Nasra, anifahamishe mtu kama yule unamfanyia nini baada ya hapo.